Jina Lililonunuliwa: Dini na Madhehebu katika Wimbo wa Lawino

Katika Afrika ya Mashariki mtu huulizwa jina kabla ya kuulizwa imani, na aghalabu jibu la swali la kwanza hulijibu na la pili. Zamani hata herufi moja ilitosha. Katika vitabu vya dini vya Kiswahili Wakatoliki waliandika Yezu Kristu, na Waprotestanti wakaandika Yesu Kristo. Msomaji aliyefungua ukurasa mmoja tu alijua kitabu kimetoka misheni gani kabla hajajua kinasema nini. Salamu nazo ziligawanyika. Aliyeamkiwa kwa kumsifu Kristu akaitikia "Milele, amina" alitambulikana kuwa wa upande mmoja, na aliyesema "Bwana asifiwe" alitambulikana kuwa wa upande wa pili. Mambo hayo si madogo kama yanavyoonekana. Alama ya namna hiyo humfahamisha mgeni mtu ni wa nani, lakini haimfahamishi mtu mwenyewe anaamini nini. Baina ya mambo hayo mawili pana nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo Okot p'Bitek alimosimamisha sehemu bora za Wimbo wa Lawino.

Utenzi huo ulitungwa kwanza kwa Kiacholi, lugha ya kaskazini ya Uganda. Ulichapishwa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966, na kwa Kiacholi mwaka 1969. Kisha Paul Sozigwa akautia katika Kiswahili. Wasomaji wengi wameuchukua kuwa ni shauri baina ya desturi za wenyeji na desturi za Wazungu: Lawino, mke wa shamba, amlalamikia Ocol, mumewe aliyesoma, kwa sababu amedharau chakula chake, ngoma yake na nywele zake. Usomaji huo una haki yake, lakini umewafanya watu wapite upesi katika sehemu ya 8 hadi ya 11, ambamo mashtaka si juu ya Uzungu kwa jumla. Humo Lawino ataja Waprotestanti na Wakatoliki kwa majina yao, aeleza alivyoonja mlango wa kila upande, na aonyesha jinsi migawanyo ya makanisa ilivyoingia katika siasa na kutoka huko ikaingia nyumbani mwake. Katika fasihi ya Afrika ya Mashariki ya miaka ile ni nadra kupata maelezo ya jambo hilo yaliyo makali na ya kuchekesha kama haya.

Yafaa kukumbuka habari zilizotangulia. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Buganda mwaka 1877, na mapadre Wafaransa wakawafuata mwaka 1879. Baina ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa pande zote mbili. Wengi waliteketezwa kwa moto mmoja huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hesabu ya mashahidi hao ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Lakini waliokufa pamoja waliacha ndugu ambao hawakuweza kuishi pamoja. Mwaka 1892 makundi mawili ya Wakristo yalipigana kwa bunduki huko Mengo, na watu wakayaita la Waingereza na la Wafaransa, kana kwamba Mganda aliyebatizwa amebadili na taifa lake. Baada ya vita vyeo vya utawala viligawanywa kwa dini. Misheni zilipopanda kaskazini hadi Acholi, mwanzoni mwa karne ya 20, zilikwenda na mashindano hayo zikiwa zimeyafunga katika mizigo yao.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931, katika nyumba ya Kiprotestanti. Babaye alikuwa mwalimu na mamaye mwimbaji hodari. Alisoma Budo, kisha Uingereza, na huko Oxford akajifunza elimu ya mila za watu. Habari hizi zafaa kwa jambo moja tu: aliyeandika maneno ya Lawino hakuwa mtu asiyejua kanisa. Alilijua kutoka ndani, akaliacha, kisha akachagua kulitazama kwa macho ya mwanamke ambaye hakuingia kamwe. Uchaguzi huo ndio siri ya nguvu ya utenzi, na ndio chanzo cha upungufu wake pia.

Shtaka la kwanza la Lawino ni juu ya jina. Dadaye mkubwa alibatizwa na Waprotestanti akaitwa Erina, lakini jina hilo hakupewa bure. Ilimbidi afanye kazi muda mrefu kwa wake za walimu: kuchota maji, kusaga nafaka na ufuta, kukata kuni na nyasi, kukandika sakafu. Lawino asema waziwazi kwamba wasichana hulinunua jina kwa jasho, na kwamba yeye hakuwa tayari kuwa mtumwa wa mwanamke mwenzake ili apate neno asilolijua maana. Kichekesho kilichomo humo chaficha swali zito. Katika mafundisho ya makanisa yote mawili ubatizo ni neema, yaani kitu kisichouzwa wala kununuliwa. Ugomvi mkubwa uliowatenga Wakristo wa Ulaya katika karne ya 16 ulianza, pamoja na mambo mengine, kwa kupinga biashara ya msamaha. Na tazama, katika kijiji cha Acholi, watoto wa wale waliopinga biashara ile ndio wanaopimiwa neema kwa mitungi ya maji! Lawino hajui habari za Luther, wala hahitaji kuzijua. Mshairi amemwachia msomaji aliyesoma kuikamilisha kejeli hiyo mwenyewe.

Tena jina linalonunuliwa lachukua mahali pa jina lenye habari. Majina ya Kiacholi husimulia: Lawino ni aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingo, Akello ni aliyefuata pacha, Okot ni mvua. Kila moja ni tarehe na ushahidi. Majina ya ubatizo nayo yana habari zake, lakini ni habari za nchi nyingine, na hakuna aliyemsimulia Lawino. Kwa hiyo humfikia kama sauti tupu, na akiyatamka yavunjika kinywani mwake. Wengine wamesema kwamba hapo mshairi awacheka watu wa shamba wasioweza kutamka. Sivyo, anayechekwa ni yule aliyemvika mtu jina kabla ya kumpa hadithi yake. Mkristo aitwaye Petro, naye anajua Petro alikana mara tatu kisha akalia, ana jina lake hasa. Asiyejua amebeba mzigo wa mtu mwingine.

Shtaka la pili ni juu ya maneno. Akiwa amewakataa Waprotestanti, Lawino aliingia darasa la jioni la Wakatoliki. Hapo hapakuwa na kazi za nyumbani, bali kukariri. Wanafunzi walipaza sauti zao kama kasuku, wakisema sala wasizozifahamu, huku ngoma ikilia nje na damu ya ujana ikiwaita. Wakatoroka wakaenda kucheza; na mwalimu naye, amelewa, akaja huko huko. Akiuliza swali, mwalimu hukasirika. Padre na mtawa nao vivyo hivyo. Hata mumewe, aliyesoma hadi chuo kikuu, humjibu kwamba msomi hana la kuzungumza na asiyesoma.

Na maswali yenyewe si ya kipumbavu. Sehemu ya 9 yote imejengwa juu yake. Ikiwa Muumba alifinyanga mbingu na nchi, basi udongo aliuchimba wapi, na kabla ya kuwapo mahali alisimama wapi? Mwanafunzi wa elimu ya dini atatambua mara moja kwamba maswali hayo yaliwashughulisha walimu wakubwa wa Kanisa katika karne za kwanza. Lawino ayafikia kwa njia ya mfinyanzi anayejua kwamba hakuna chungu pasipo machimbo. Kumbe mwanafunzi bora wa darasa lile ndiye aliyefukuzwa na ukali wa mwalimu.

Hapo ndipo linapotokea neno ambalo Okot alilishughulikia pia katika vitabu vyake vya utaalamu. Katika maandishi yake alieleza kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Acholi, "Nani aliyewaumba?" Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ya kufanya kitu pasipo kitu, basi swali likawafikia wazee kama "Nani aliyewafinyanga?" Wakafikiri, mmoja akakumbuka kwamba mtu huzaliwa mzima, kisha akapatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo akapindika, na pepo anayempinda huitwa Rubanga. Basi wakajibu: Rubanga. Mapadre wakaandika, na jina la pepo wa kibiongo likawa jina la Mungu wa Wakristo. Katika utenzi Lawino hulitumia neno hilo kwa maana yake ya zamani, naye hustaajabu kuona watu wazima wakimpigia magoti Kibiongo.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kutua hapa kidogo, kwa sababu lugha yake ilipita njia nyingine. Neno Mungu lilikuwa la Waislamu wa pwani kabla ya kuwa la wamisionari, na Wakristo wa kila dhehebu walilipokea lilivyo. Hivyo katika Kiswahili pande zote ziligombana juu ya mengi, lakini hazikugombana juu ya jina hilo. Kwa upande mwingine, Lawino aita Biblia kitabu safi, na Roho aita roho safi, na msomaji wa Kiingereza hucheka kwa kuwa neno la kanisa amelizoea na hili ni geni kwake. Mswahili akitazama vema ataona kwamba utakatifu kwake umetoka katika kutakata. Takatifu ni kilichotakata, kilicho safi kisicho na taka. Kile kinachosikika kama kosa la Lawino ndicho Kiswahili kilichokifanya zamani bila ya mtu kucheka, kwa kuwa mazoea yameifunika asili ya neno. Basi utenzi huu ukisomwa kwa Kiswahili hupungukiwa na kichekesho kimoja, lakini huongezeka onyo: kila neno la dini lilikuwa geni siku moja, na lisiloulizwa hubaki geni hata likisemwa kila Jumapili.

Jambo moja katika sehemu hizi limewaudhi waumini, nalo ni maelezo ya Meza ya Bwana. Lawino alichungulia katika kanisa la Waprotestanti, akasikia habari za kula mwili na kunywa damu, akahitimu kwamba watu hao ni wachawi wanaokula maiti. Wengine wamesema hiyo ni dhihaka isiyostahili. Lakini mshairi alikuwa amesoma vitabu vya wasafiri na wataalamu wa Ulaya, waliochungulia ibada za Waafrika kwa nusu saa wakaandika kwamba wamewaona wala watu. Alichofanya ni kugeuza darubini. Lawino ametazama kwa uaminifu, akaandika alichosikia, na amekosea kabisa, kama wao walivyokosea. Anayekasirika kwa kusoma habari hiyo amepata nafasi ya kujua jinsi Mwacholi alivyokasirika aliposoma habari zake mwenyewe. Hapa dhihaka ni chombo cha elimu.

Vilevile katika sehemu ya 10 Lawino asema kwamba mumewe huvaa msalaba mdogo shingoni, na binti zake huvaa rozari, lakini yeye akataliwa mkufu wa mkia wa tembo. Yeye haoni tofauti. Mkatoliki ataona tofauti, na Mprotestanti mkali huenda akakubaliana na Lawino nusu ya njia. Kwa maana ubishi juu ya sanamu, medali na rozari ni miongoni mwa mambo yaliyowatenga Wakristo wenyewe. Lakini Ocol hawezi kuieleza tofauti hiyo. Ajua tu kwamba kimoja kimeruhusiwa na kingine kimekatazwa, naye huutetea mpaka wa shamba ambalo hajalilima.

Shtaka la tatu, katika sehemu ya 11, ndilo zito kupita yote. Ocol ni kiongozi wa Democratic Party, na nduguye ni wa Congress. Chama cha kwanza kilianzishwa mwaka 1954 na kilitegemea zaidi Wakatoliki, walioona kwamba wamewekwa kando katika vyeo. Cha pili kiliundwa mwaka 1960 chini ya Milton Obote, na aghalabu kilifuatwa na Waprotestanti nje ya Buganda. Watu wa mitaani walizifasiri herufi D.P. kuwa "Dini ya Papa", na mzaha huo ulikuwa na ukweli wa kutosha kuumiza. Ocol ahubiri kwamba wale wengine wakishinda watawaondoa Wakatoliki wote kazini, watachukua ardhi na shule zao, na mali ya kila mtu hata mbuzi na kuku. Kisha amkataza mkewe asizungumze na nduguye. Lawino auliza: ikiwa wanapigania umoja, umoja huo u wapi, nao waliozaliwa pamoja hawawezi kula pamoja? Wakati huo huo nyati wa umaskini wanawapiga pembe watu wote, bila ya kumwuliza mtu alibatizwa wapi.

Yastahili kuangaliwa kwamba katika ugomvi huo wote halitajwi hata fundisho moja la imani. Hakuna anayebishana juu ya Papa, wala juu ya Maandiko, wala juu ya wokovu kwa imani au kwa matendo. Tofauti za madhehebu zimekwisha kumwaga maji yote yaliyokuwamo, limebaki dumu tupu, nalo ndilo linalopiga kelele. Hii ndiyo hoja kuu ya utenzi, nayo yafunga mashtaka yote matatu kwa kamba moja: jina likipokewa bila habari yake, na maneno yakikaririwa bila maana yake, kitakachosalia cha dini ni ukuta tu, na ukuta huo mwanasiasa huupata tayari, hana haja ya kuujenga.

Hata hivyo mhakiki hatatimiza wajibu wake akisifu bila ya kupima. Utenzi una upungufu mkubwa mmoja: ndani yake hamna mwamini hata mmoja. Kuna walimu walevi, mapadre wenye hasira, wasichana wanaotafuta jina, na Ocol anayetafuta cheo. Lakini hakuna mtu anayesali kwa moyo wake. Na watu hao walikuwapo, tena katika Acholi yenyewe. Janani Luwum, mzaliwa wa Mucwini, aliongoka mwaka 1948 katika Uamsho ule uliotoka Rwanda na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Uamsho huo ulianza kwa swali linalofanana na la Lawino, yaani jina la Kikristo lina faida gani pasipo moyo uliogeuka, lakini ukalijibu kwa njia nyingine: mtu akaungame dhambi zake mbele ya wenzake, ndipo jina liwe lake. Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Waanglikana mwaka 1974, akauawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kabla yake, mwaka 1972, Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, aliyepata kuwa kiongozi wa chama kile kile cha Ocol na wakati huo akiwa Jaji Mkuu, alikamatwa mahakamani asionekane tena. Hao hawakubeba majina ya kununua. Au tuseme, kama yalinunuliwa, waliyalipia wenyewe.

Kadhalika haingekuwa haki kudhani kwamba makanisa yalibaki mahali Lawino alipoyaacha. Mwaka 1963, kabla utenzi haujatoka, Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi wa Uganda waliunda baraza lao la pamoja. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu, na katika tangazo hilo hakuwasahau Waanglikana waliokufa pamoja nao. Mwaka 1969 alikwenda Uganda akapazuru mahali pao pia. Wakristo wa madhehebu mbalimbali walitafsiri Biblia pamoja kwa Kiswahili cha siku hizi, na herufi moja iliyotenga vitabu vya zamani imepoteza ukali wake. Lawino hakuyaona hayo, wala si kosa lake, kwani yeye ni shahidi wa alichokiona. Lakini msomaji anayemtumia kuwa hakimu wa historia yote amempa kazi ambayo hakuiomba.

Tena hata dini anayoitetea haikuwa na uchaguzi mwingi. Madhabahu ya Kiacholi ilikuwa ya ukoo; mtu alizaliwa chini yake kama alivyozaliwa chini ya paa la babaye. Kwa hiyo Lawino hawezi kusema kwamba imani yake ni bora kwa sababu aliichagua. Awezalo kusema, nalo ni kubwa, ni kwamba yake anaifahamu: ajua ni nani anayeombwa, kwa nini, na kwa maneno gani. Kipimo chake basi ni ufahamu, wala si ugeni wala uenyeji wa dini. Ndiyo maana utenzi huu haumpi mwanafunzi Mkristo sababu ya kuiacha dini yake, wala haumpi asiye Mkristo sababu ya kujisifu. Wampa kila mmoja kazi ya nyumbani.

Kwa jumla, sehemu hizi nne ni uhakiki wa dini uliofanywa na ushairi kwa njia zake mwenyewe: kwa jina linalovunjika ulimini, kwa sala inayoshindana na ngoma, kwa msalaba uliowekwa kando ya mkia wa tembo. Hoja zake haziwezi kujibiwa kwa kumwambia Lawino kwamba hakusoma, maana jibu hilo Ocol alikwisha litoa na halikumfaa. Zajibiwa na yule awezaye kukaa na mwanamke huyo jioni, akamweleza kwa Kiacholi safi Petro alikuwa nani na kwa nini alilia, kisha akangoja swali linalofuata.